2,147,483,647: namba tasa iliyomo ndani ya mashine zetu

Wanafunzi wa skuli wanaokuja kututembelea hapa idara ya hisabati wanatuuliza sana, hivi namba yenye tarakimu kumi mtu anajuaje kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe tu? Basi leo tuichukue moja, 2,147,483,647.

Kuipata ni rahisi, unazidisha 2 kwa 2 tena na tena mpaka zitimie mbili 31, halafu unatoa 1. Kwenye kompyuta inaandikwa moja tupu, moja 31 zimejipanga, na ndo maana namba ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1, na moja kati ya hizo 32 inakwenda kwenye alama ya hasi au chanya) haiwezi kupita hapo. Mifumo mingi inahesabu saa kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, kwa hiyo ile ya biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, sekunde inayofuata mashine itajiona iko Disemba 1901! Simu za kisasa nyingi ni biti 64 hazina shida, ila ofisi zenye mashine kongwe, Unguja na Pemba, muulizeni fundi wenu mapema jamani.

Sasa utasa wake. Aliyeuthibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772, yuko St. Petersburg, Urusi, macho karibu yote yamekwisha, na kalkuleta hakuna. Ukienda kwa njia ya kawaida inabidi uigawe kwa kila namba tasa mpaka 46,340 (hapo ndo kwenye kipeuo chake cha pili), na hizo ni zaidi ya elfu nne, mtu unachoka. Lakini ipo sheria nzuri mno, kigawo tasa chochote cha namba hii lazima ukikigawa kwa 62, yaani 31 mara mbili, kibakishe 1, na ukikigawa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Ukizishika sheria zote mbili kwa pamoja zinakubakia namba 373 tu za kuangalia, tena nyingi humo si tasa unaziruka. Hizo karatasi na kalamu zinatosha, na hakuna hata moja inayoigawa.

Msidhani kila namba ya namna hii ni tasa lakini. Zidisha mbili 11 kisha toa 1, unapata 2,047, nayo ni 23 mara 89, na zote mbili ukizigawa kwa 22, yaani 11 mara mbili, zinabakisha 1, sheria ile ile.

Walimu, wapeni watoto ile ya mbili 23 zilizozidishwa kisha ukatoa 1, ambayo ni 8,388,607. Waambieni waanze na namba zinazobakisha 1 ukizigawa kwa 46 (23 mara mbili), hawatakwenda mbali, ya kwanza tu ni 47 na inagawa bila baki.