Mwizi aliyeshindwa kwako

Mtu mmoja mwenye jile la njano aligonga geti la depo moja huku Kampemba, mjini Lubumbashi, akasema ametumwa kuangalia mita ya umeme. Zamu akamfungulia. Akapiga picha mbili tatu kwa simu, akaandika kitu kwenye daftari, akaaga kwa heshima. Kwenye depo ya pili aliuliza pia jenereta huwashwa saa ngapi. Kwenye ya tatu alikutana na zamu mkorofi, mzee wa zamani kazini, akamwambia: "Baba, barua yako ya kazi iko wapi?" Akajibu ameiacha garini. Alienda kuichukua, hakuonekana tena.

Siku chache baadaye depo ya nne, kwenye njia ileile, ilivunjwa ukuta wa nyuma usiku. Ndipo nikaitwa, maana kazi yangu ya ushauri wa usalama kwa masosiete ya Lubumbashi huanza mara nyingi wakati mali imeshaondoka.

Katika hao wote, aliyekuwa na habari yenye bei kubwa ni yule zamu wa tatu. Lakini alikuwa na sababu gani ya kuisema? Kwake hakukuibiwa hata msumari. Daftari la zamu halina safu ya "hakuna kilichotokea". Na patroni wake, hata angeambiwa, angesema tushukuru Mungu, turudi kazini.

Ninachowaambia mapatroni ni hiki: habari ya kwanza ya kupeana ni majaribio yaliyogonga mwamba. Wizi uliofanikiwa utajulikana tu, mji huu hauna siri. Jaribio lililoshindwa hufa na aliyelizuia, na mwizi anakwenda kurekebisha kidogo na kujaribu kwa jirani.

Wanaodhani haya ni mambo ya mageti na mazamu wakumbuke benki. Mwishoni mwa 2015 benki moja ya Vietnam, Tien Phong, ilizuia ujumbe wa uongo uliopita kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya pesa, uliotaka kuhamisha zaidi ya euro milioni 1. Walifanya kazi nzuri. Lakini ulimwengu ulikuja kulisikia jambo hilo Mei 2016. Katikati hapo, Februari 2016, wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1, na dola milioni 81 zikapotelea Ufilipino. Sehemu nyingine, dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka, iliokolewa kwa sababu wezi walikosea herufi katika jina la aliyepaswa kupokea, na benki iliyokuwa ikipitisha pesa hizo ikauliza. Ecuador nako Banco del Austro ilikuwa imepoteza kama dola milioni 12 tangu Januari 2015, na SWIFT yenyewe haikuambiwa. Baada ya aibu hiyo ndipo SWIFT ikawabana wanachama wake watoe taarifa wanaposhambuliwa, ikaanza na kuwasambazia alama za kuwatambua wezi. Tusijicheke sana sisi wa Katanga, basi.

Kwa nini watu wananyamaza? Nimesikia sababu nyingi, na nyingi zina akili. Mteja akijua umeibiwa atahama. Benki itauliza maswali. Utaitwa kutoa maelezo ofisini kwa watu, asubuhi nzima umekaa kwenye benchi. Mshindani atajua unauza nini na unakiweka wapi. Hii ya mwisho ndiyo nzito, na jibu lake ni fupi: toa habari za mwizi, usitoe habari zako. Saa ya lori kuondoka, kiasi cha pesa kwenye sefu, zamu wanabadilishana lini, thamani ya kilichopotea: hakuna mwenzako anayehitaji hayo ili ajilinde. Anahitaji kujua mahali, saa, na namna walivyofanya.

Chukueni barabara ya Kasumbalesa, kilomita tisini hivi hadi mpaka wa Zambia. Lori la kathodi za shaba likisimama kwenye foleni usiku, turubai linachanwa upande usio na shofere, au mazuti yanafyonzwa kwenye tangi. Sosiete ikiandika tu "turubai lilichanwa upande wa kulia, mbele kidogo ya péage, kati ya 1h na 3h, wawili walitoka kwenye majani", wengine wanaweza kubadilisha mahali pa kulala kesho yake. Mzigo ulikuwa wa nani haituhusu.

Mnaona nimeandika 1h. Kwenye meseji za usalama naomba saa za kifaransa, ingawa mdomoni wote tunasema saa saba usiku. Ukiandika "saa tatu", mmoja ataelewa 9h, mwingine 3h, na hapo onyo lenu limekosea kwa saa sita.

Meseji ambayo haina faida mnaifahamu, imewahi kuingia kwenye simu zenu: "ATTENTION!!! Majambazi waliovaa kama watu wa umeme wako Lubumbashi nzima, tuma kwa wote!" Nani aliwaona? Wapi? Leo au mwaka jana? Baada ya tatu kama hizo, hata ya kweli haisomwi. Habari ya yule zamu wa tatu ingeandikwa hivi:

"Jumanne 9h20, Kampemba, upande wa reli. Mwanaume mmoja, jile la njano lisilo na jina, alitaka kuona mita. Hana barua, aliondoka alipoulizwa. Ameonwa na zamu wetu, na zamu huyo tumemhoji wenyewe. Hakuna hasara. Kijani."

Neno la mwisho limetoka kwa watu wa kompyuta. Shirika la FIRST, linalounganisha timu za kushughulikia mashambulio ya mitandao, lina utaratibu wa rangi uliorekebishwa 2022. Nyekundu: inabaki kwa walioambiwa tu. Rangi ya machungwa: unaweza kuwaambia wa sosiete yako, na wateja wako wanaohitaji kujilinda. Kijani: izunguke ndani ya jumuiya yenu, isiwekwe hadharani. Wazi: kila mtu. Hauhitaji programu yoyote, ni neno moja mwishoni, lakini linamwondolea mtumaji hofu ya kukuta meseji yake Facebook jioni.

Majina ya watu, hapana. Sosiete ikimfukuza shofere kwa kumshuku, inatamani sana kurusha picha yake kwenye kundi. Kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinahusu kumchafulia mtu jina, na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 imeweka masharti juu ya data binafsi. Zaidi ya sheria, kuna shofere ambaye pengine hakufanya kitu, na mji mzima umemfungia kazi. Jina lipelekwe polisi, kwa maandishi. Kwenye kundi iende mbinu.

Upande wa kompyuta ndio rahisi kuliko yote, na ajabu ndio tunaouchezea. Mhasibu anapata barua pepe ya muuzaji wa vipuri wa nje, fakture ileile, mtindo uleule, ila inasema RIB, yaani namba ya akaunti ya benki, imebadilika. Anwani inafanana, isipokuwa mahali pa m zimewekwa r na n zilizobanana: rn. Kwenye skrini ya simu huwezi kuziona. Mhasibu makini hupiga simu kwa namba ya zamani, anagundua, anafuta barua, anaendelea. Asifute! Anwani ile ya uongo na namba ile ya akaunti zikipelekwa kwa wahasibu wengine mchana uleule, akaunti hiyo imekufa kwa Lubumbashi nzima.

Kundi lenyewe liwe dogo. Mtu mmoja kwa kila sosiete na msaidizi wake, wote wadhaminiwe na mwanachama, na akiacha kazi anatolewa siku hiyohiyo, hata kama ni rafiki wa wote. Kampuni za ulinzi ziwemo: haziruhusiwi kushika bunduki hapa kwetu, zinategemea polisi wa kuambatana nao, kwa hiyo kujua mapema ndiyo silaha zilizo nayo.

Na msiweke kila kitu WhatsApp. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu, wakati ambapo kila DG (mkurugenzi mkuu) alitaka kujua barabara gani inapitika. Andikeni namba za simu kwenye karatasi, kopi moja ofisini, moja nyumbani. Madepo yaliyo karibu yakubaliane masafa ya redio na saa ya kuitana, na wajaribu mara moja kwa mwezi, na zamu wa usiku ndio washike redio, si mkurugenzi.