Husuni Kubwa ni kasri, si ngome

Kasri ni makazi ya mtawala, pamoja na kumbi anamopokea wageni na ghala anamohifadhi mali. Ngome ni jengo la kujihami. Tofauti ni hiyo tu, na nisingeiandikia lolote kama juzi nisingemsikia tena mtu mwenye elimu akiwaambia vijana kwamba Husuni Kubwa, jengo la kale la Kilwa Kisiwani katika pwani ya kusini ya Tanzania, ni ngome ya masultani.

Chanzo cha kosa hilo kinaeleweka, kwani kimo ndani ya jina lenyewe. Kwa Kiarabu ngome ni hisn, na wingi wake ni husun, hivyo anayejua Kiarabu kidogo hudhani kwamba jambo limekwisha. Lakini jina la jengo haliwezi kuwa shahidi wa kazi yake. Kisiwani humohumo ipo ngome ya kweli, iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na baadaye ikajengwa upya na Waomani, nayo huitwa Gereza, neno lililotokana na igreja la Kireno, yaani kanisa. Tukifuata asili ya majina peke yake, itatubidi tuite ngome ile kanisa. Hata neno kasri limetoka katika qasr ya Kiarabu, ambayo wataalamu wengi huirudisha kwenye castrum ya Kilatini, kambi ya askari. Neno lilianzia kwa wenye silaha likahamia kwa wenye nyumba.

Kinachoamua ni jengo lenyewe. Husuni Kubwa ilijengwa nje ya mji, juu ya genge linaloitazama bahari, katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, mwaka 1331. Vyumba vyake vinazidi mia moja. Kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa. Kaskazini kuna makazi, ua wenye ngazi za kukalia watu wakati wa baraza, na birika la maji la pande nane lililo wazi chini ya anga. Ukisimama ukingoni mwa birika hilo, ukaona jinsi kila upande ulivyopimwa ukalingana na mwenzake, utatambua kwamba fundi alikuwa akimjengea mtu aliyetaka kustarehe. Kisha zipo ngazi zinazoteremka hadi ufukweni, na anayemhofia adui wa baharini hamjengei njia ya kupandia.

Wengine hutoa hoja ya unene wa kuta na wembamba wa vyumba. Hoja hiyo inasahau boriti. Dari za mawe na chokaa zilibebwa na miti ya mikoko, ambayo kwa kawaida haikuvuka upana wa mita tatu hivi, na uzito wake ulihitaji ukuta mnene wa kuupokea. Ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu, ambazo hakuna aliyewahi kuziita ngome, nazo zina vyumba virefu na vyembamba.

Basi jina Husuni Kubwa libaki kama lilivyo, kwa kuwa ndilo jina lake. Ila unapomweleza mgeni ni jengo la namna gani, tafadhali mwambie ni kasri.