Tembe la Livingstone Kwihara: yanayosemwa na yaliyotokea

Kwihara iko kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, upande wa kusini magharibi. Hapo ndipo lilipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo mmisionari na mpelelezi David Livingstone na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta, walikaa pamoja mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Kwa Waingereza, Livingstone ni shujaa wa taifa. Sisi tulisimuliwa habari zake shuleni tukazipokea kama zilivyo, na wengi huingia Kwihara wakiwa na picha isiyo sahihi.

"Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone."

Hapana. Walikutana Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba ilikuwa 10 Novemba, lakini wanahistoria waliolinganisha shajara za wawili hao huirudisha tarehe hiyo nyuma hadi mwishoni mwa Oktoba. Hata ile salamu ya "Dokta Livingstone, nadhani?" ina mashaka, kwa kuwa ukurasa wa siku hiyo ulichanwa kwenye shajara ya Stanley. Na kwa maelezo yake mwenyewe, aliyetangulia kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Anayetaka kuona mahali pa salamu apande treni hadi Kigoma. Kutoka hapo Ujiji si mbali.

"Alikuwa amepotea."

Alijua vizuri alipo. Barua zake ndizo ambazo hazikufika, na bidhaa alizoletewa Ujiji ziliuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza.

"Ilikuwa nyumba yake."

Nyumba ilikuwa mikononi mwa Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Ndio waliompa Stanley nafasi humo mwaka 1871 alipokuwa njiani kwenda Ujiji, naye akapigana upande wao dhidi ya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi. Livingstone alikuwa ameshuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, mwezi Julai mwaka huohuo, yaliyofanywa na watu wa misafara kama hiyo, na bado alisafiri kwa msaada wa wafanyabiashara wale na kulala chini ya paa lao. Mgeni anastahili kuelezwa jambo hili waziwazi. Bila hilo, hawezi kuelewa mtu huyo aliishije, wala Tabora ilikuwa mji wa namna gani.

"Walipita tu."

Kwangu mimi, hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Waliwasili 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kuelekea pwani, akibeba shajara ya mwenzake iliyofungwa kwa lakiri. Livingstone alibaki hadi 25 Agosti akingoja wapagazi. Zaidi ya miezi mitano! Siku tano tu baada ya kuagana alitimiza miaka 59. Alitengeneza jibini kwa ajili ya safari, akalalamika kwenye shajara kwamba ina uchachu kwa kuwa maziwa huganda upesi katika joto hili.

Tarehe 1 Mei alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald. Ndani yake aliomba baraka za mbinguni zimshukie yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuponya kidonda hiki cha dunia, yaani biashara ya watumwa. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake Westminster Abbey, London. Yaliandikwa hapa Unyanyembe. Ukiingia tembe lile, simama kidogo uwaze hilo, hata kama vitu vya kutazama ni vichache.

"Alizunguka Afrika peke yake."

Wapagazi aliowangoja, watu zaidi ya 50, walifika katikati ya Agosti baada ya kutembea siku 74 kutoka Bagamoyo. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa India katika shule ya watumwa waliokombolewa. Waliwakuta Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na Halima, mpishi wa msafara. Mtembeza wageni akitaja Wazungu wawili tu, muulize habari za hawa.

"Alifia Tabora, na moyo wake umezikwa hapa."

Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo; tarehe inayotajwa kwa kawaida ni 1 Mei. Moyo ulizikwa hukohuko chini ya mti, na Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, kisha watu wake wakaubeba kwenda pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike palepale. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.