Ramani ya seli: kujua seli ni nani, na jirani yake ni nani

Mtu akikatwa kipande kidogo cha nyama ya mwili ili apimwe saratani, kile kipande hulowekwa kwenye fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 4 au 5 hivi. Hupakwa rangi mbili, hematoksilini na eosini: viini vya seli hugeuka zambarau, sehemu nyingine waridi. Mtaalamu wa patholojia husoma mengi humo. Ila limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga, zote humwonekea sawa. Ile inayoua seli za saratani na ile inayowazuia wenzake wasishambulie zimevaa sare moja.

Ramani ya seli huzivua sare hizo. Ni picha ya tishu inayoonyesha kila seli ni ya aina gani, imekaa wapi na imepakana na nani. Mbinu zake huitwa taswira za molekuli, jina linalochanganya kidogo, maana hospitalini hutumika pia kwa kipimo cha PET, ambacho humpiga picha mgonjwa mzima akiwa hai. Hapa tunazungumzia kipande kilichokwisha kutolewa mwilini.

Msingi wake ni kingamwili, ambayo hunasa protini maalumu. Tangu miaka ya 1940, Albert Coons na wenzake walipoanza kuzifunga rangi zinazong'aa, watafiti wameweza kuona protini iko wapi. Tatizo ni mwanga. Katika hadubini ya kawaida, rangi zikizidi nne au tano huanza kuingiliana, na kutambua aina za seli kwa uhakika kunahitaji protini nyingi kuliko hizo.

Mbinu ya CODEX, iliyotangazwa na maabara ya Garry Nolan, Stanford, mwaka 2018, iliukwepa mtego huo kwa subira. Kila kingamwili hubeba kipande chake cha DNA, kama namba ya usajili. Zote humwagwa kwenye tishu kwa pamoja, kisha huwashwa chache chache: zinapigwa picha, zinazimwa, zinawashwa nyingine. Mwishoni kompyuta huzipandanisha picha zote. Mbinu nyingine, MIBI, yenyewe imeachana na rangi kabisa. Kingamwili hufungwa metali, mwale wa ioni huzichomoa kutoka kwenye tishu nukta kwa nukta, na mashine huzitambua kwa uzito wake. Mbinu ya tatu, MERFISH, husaka RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika ndani ya seli, badala ya protini.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu hesabu ya seli peke yake haitoshi. Mwaka 2020, watafiti waliopima protini 56 katika saratani ya utumbo mpana ya wagonjwa 35 walikuta seli zimejipanga katika mitaa tisa. Kilichotofautisha makundi ya wagonjwa kilikuwa pia namna mitaa ile ilivyopangana na kuwasiliana, wala si idadi ya seli tu.

Kwetu, mfano unaogusa zaidi ni kifua kikuu. Bakteria wake huzingirwa na kifundo cha seli za kinga kiitwacho granuloma. Mwaka 2022, ramani za MIBI zilionyesha kwamba baadhi ya seli zilizomo hubeba PD-L1 na IDO1, protini zinazotuliza kinga ya mwili. Yaani ndani ya boma lilelile lililojengwa kumzuia adui, wapo walinzi wanaowaambia wenzao washushe silaha.