Acheni kusugua lenzi kwa dawa ya meno

Imekuja nyingine. Helios 44-2, lenzi ya zamani ya Kisovieti, kioo cha mbele kimesuguliwa kwa dawa ya meno mpaka kimebaki cheupe kama dirisha, na mwenyewe anashangaa mbona picha bado zimepauka. Alikuwa ameambiwa "mpako umeisha", yaani lile tabaka jembamba juu ya kioo linalopunguza mwanga unaorudishwa. Mpako ulikuwepo. Aliyeumaliza ni yeye.

Haraka haraka, hesabu. Uso mmoja wa kioo kitupu unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Helios 44 ina vioo 6 katika makundi 4, yaani nyuso 8 zinazogusa hewa. Bila mpako, mwanga unaopita ni kama asilimia 72. Hiyo ni hasara ya nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), na nusu stopu haijawahi kumwua mtu, unaongeza muda basi. Tatizo ni kule mwanga uliorudishwa unakoelekea. Unagonga uso wa tano, unarudi nyuma, unagonga wa pili, unageuka tena kwenda kwenye filamu, ila sasa hauna picha yoyote, ni mwanga tu uliomwagika. Nyuso 8 zinatoa jozi 28 za namna hiyo. Kila jozi ni asilimia 4 ya asilimia 4, yaani asilimia 0.16, na zote pamoja zinakaribia asilimia 4.5. Hiyo ni hesabu ya karatasi: sehemu yake inafia kwenye ukuta wa ndani wa lenzi, na vitabu hupenda kudhani mwanga wote unaingia wima. Tuseme basi imefika 2 tu.

Sasa weka hiyo 2 mbele ya ukuta wa mawe ya lava hapa Goma, mbingu nyeupe ya Kivu ikiwa juu yake. Jiwe likiwa stopu 6 chini ya mbingu, linatoa kama asilimia 1.6 ya mwanga wa mbingu. Ongeza 2 juu ya 1.6. Weusi wako umepanda zaidi ya stopu moja, na jiwe limegeuka majivu. Lakini angalia kingo za jiwe: ziko palepale. Mpako haunoi picha. Unalinda weusi. Macho yetu ndiyo yanayochanganya mambo hayo mawili, kwa sababu picha yenye weusi mzito huonekana kali zaidi. Helios yenye pembe za picha zisizo kali ikiwa wazi kabisa, f/2, itabaki na pembe hizo hizo hata ukiipaka mipako ya dunia nzima.

Mpako wenyewe, ule wa tabaka moja, kwa kawaida ni floridi ya magnesi yenye unene wa kama nanomita 100. Unywele wa kichwa unauzidi mara mia kadhaa. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia kwa sababu ilitengenezwa kusugua. Sijui niongeze nini hapo.

Sasa rangi, jambo linalonichosha kuliko yote. "Hii ina zambarau, ni nzuri kwa ngozi." "Ile ya kijani itaharibu rangi." Ndugu zangu, rangi mnayoiona kwenye kioo ni ya mwanga ULIOKATALIWA. Mpako wa tabaka moja una unene wa robo ya wimbi la mwanga, uliopimwa kwa katikati ya rangi ambazo macho huona, kwenye kijani-manjano, nanomita 550 hivi. Hapo miakisi miwili, ule wa juu ya mpako na ule wa chini yake, inakutana kinyume na kufutana, na mwanga unapita. Kwenye nyekundu na bluu haifutani sawasawa, kwa hiyo kidogo kinarudi, na nyekundu na bluu pamoja ndiyo hiyo zambarau yenu. Na ni kidogo kweli: uso ulioshuka kutoka asilimia 4 hadi 1.4. Ukikuta lenzi moja ina uso wa zambarau na mwingine wa rangi ya kahawia-dhahabu, si kwamba fundi amechanganya vioo. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, uso mmoja usahihishe rangi inayopotezwa na mwingine.

Na ile Takumar 50/1.4, lenzi ya zamani ya Pentax, inayotoa picha za manjano? Hiyo si mpako kabisa. Ni kioo chenye thoriamu kilichobadilika rangi chenyewe. Iache chini ya taa ya urujuanimno au dirishani kwenye jua, na manjano hupungua, wiki kadhaa au zaidi. Usiisugue.

Kichekesho kikubwa ni kwamba ugunduzi wenyewe ulianzia kwenye "uchafu". Dennis Taylor wa Uingereza aliona lenzi za zamani zilizobadilika rangi juu zinapitisha mwanga mwingi kuliko mpya, akaomba hataza ya kuvichubua vioo kwa kemikali mwaka 1904. Smakula wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, alikuja na mpako unaopakwa ndani ya chombo kisicho na hewa (ombwe) mwaka 1935. Kwa hiyo ule utando wa bluu-zambarau juu ya lenzi ya kabla ya vita, ambao watu wanaukimbilia na kitambaa, ni mpako wa bure uliotengenezwa na miaka. Uacheni.

Basi picha iliyopauka inatoka wapi? Mara nyingi ni ukungu wa ndani: mvuke wa mafuta ya helikoidi (uzi wa skrubu unaosogeza lenzi unapolenga) uliotua kwenye vioo karibu na diafragma, yale mapezi yanayopanua na kubana tundu la mwanga. Fungua diafragma yote, washa tochi nyuma ya lenzi, uielekeze kwa pembe, tazama kutoka mbele. Maziwa yaliyotandazwa ni mafuta. Nyuzi kama buibui ni kuvu. Kisha zima tochi, simama chini ya balbu, hesabu miakisi: kila uso una wake. Wenye rangi una mpako. Mweupe unaong'aa kuliko wenzake ndio ulio uchi. Dakika mbili, bila kufungua skrubu hata moja.

Mafuta yanatoka kwa alkoholi ya isopropili, matone mawili kwenye karatasi ya lenzi (kamwe si juu ya kioo, yatateleza hadi kwenye pete), ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Lakini puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia hewa, halafu brashi laini. Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa, na kuipangusa kwa shati ni kupiga msasa. Mipako ya miaka ya 1940, hasa nyuso za ndani, ilikuwa laini kwa sababu kioo hakikupashwa moto wakati wa kupakwa. Hizo kitambaa kikavu peke yake kinatosha kuziumiza. Kuvu ikishakula mpako, alama inabaki. Iue, kisha zoea alama.

Kuhusu herufi MC (mpako wa tabaka nyingi) ambazo wauzaji wa Birere, hapa Goma, wanazitoza dola za ziada: jua likiwa mgongoni na kikinga-jua kikiwa mbele, mimi siwezi kutenganisha picha ya Helios ya MC na ile isiyo na MC. Jua likiingia kwenye fremu, naweza. Hapo katikati nabahatisha kama wewe. Kwenye zumu, kweli, tabaka nyingi si anasa: nyuso 22 zilizo uchi zingepitisha kama asilimia 40 tu ya mwanga. Ndiyo maana pia Planar, muundo wa lenzi wa Zeiss wa 1896 wenye nyuso nyingi zaidi, ilizubaa nyuma ya Tessar ya 1902 yenye nyuso 6, hadi mipako ilipokuja kuiokoa.

Kwa hiyo huyo mwenye Helios iliyosuguliwa hajapoteza lenzi. Uso mmoja kati ya 8 uko uchi. Achukue karatasi nyeusi isiyong'aa, aizungushe mbele ya lenzi iwe kikinga-jua, aanze na sentimita 4, aifunge diafragma hadi f/16, na akate kidogo kidogo mpaka pembe za fremu ziache kuwa nyeusi. Ule mkwaruzo mrefu alioongeza pembeni aujaze kwa wino mweusi wa kuchorea, kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha apanguse unaozidi. Mkwaruzo mweusi hautawanyi mwanga.