Bunduki ghali ndo inalenga zaidi? Si kweli

Watu wanaamini bunduki ya kuwindia ya bolti (kile chuma unachovuta kwa mkono kuingiza na kutoa risasi) ikiwa ghali basi lazima itapiga palepale unapolenga, na ile ya bei rahisi itatawanya risasi. Sivyo kabisa. Chukua bunduki za bei rahisi kama Ruger American au Savage Axis, kitako plastiki tupu, bolti inakwaruza ukiivuta, lakini ukiipatia risasi inayoipenda mara nyingi inaweka matundu 3 ndani ya sentimita 3 au 4 hivi kwa mita 100, na mnyama wala haulizi bei.

Sasa pesa inaenda wapi? Kwenye mbao ya kitako, umaliziaji, bolti inayoteleza, na zingine zina ile kucha kubwa ya Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, inayoshika kitako cha risasi tangu inatoka kwenye magazini, kampuni ya Winchester waliiondoa kucha hiyo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964, wawindaji wakanuna kwelikweli.

Ya rahisi ikague hapa: finya kitako cha mbele (sehemu iliyo chini ya mtutu) na mtutu kwa vidole, kama vinagusana kirahisi, jua ukiegemeza mahali risasi inaweza kuhama. Mimi ningenunua ya kawaida, hela inayobaki naweka kwenye darubini nzuri ya kulengea.