Ultrasaundi ya mkojo si mionzi

Kosa la kuiita ultrasaundi mionzi nimelisikia tena juzi, kwenye benchi la kusubiria vipimo. Mzee mmoja alikuwa amepimwa kibofu kimejaa, kisha akaambiwa aende chooni, arudi apimwe mara ya pili. Alipotoka chooni akamwambia binti yake, "Twende zetu. Mionzi mara mbili kwa siku moja si mchezo." Wakaondoka.

Ultrasaundi ni sauti. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli hutuma mawimbi ya sauti, yakagonga viungo na kurudi kama mwangwi, na mashine ikauchora.

Jina lenyewe linasema hivyo. "Ultra" ni Kilatini, maana yake kupita, ng'ambo ya. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ya kupimia tumbo huwa milioni 2 hadi 5. Mwonzi ni kitu kingine kabisa: ni mwali, kama ule unaopenya asubuhi kwenye tundu la bati. Eksirei ni ya ukoo huo, ultrasaundi siyo. Nadhani kosa linaanzia mlangoni: chumba cha ultrasaundi mara nyingi kimo ndani ya idara ya mionzi, kibao kiko juu, basi kila kipimo cha humo kikaitwa mionzi.

Na kosa hili lina hasara. Kipimo cha kwanza huonyesha zaidi umbo: mawe, figo iliyojaa mkojo uliokosa njia, ukuta wa kibofu ulionenepa, alama ambayo kichocho huweza kuiacha. Cha pili ndicho kinachoonyesha kibofu kinavyofanya kazi. Mpimaji huchukua urefu, upana na kina cha kibofu, huzidisha, kisha mara 0.52, akapata mililita zilizobaki baada ya kukojoa. Chini ya 50 kwa kawaida haitishi. Zikipita 200, kibofu hakimwagi sawasawa, na kwa wanaume wazee mara nyingi ni tezi dume iliyobana njia. Yule mzee aliondoka bila jibu alilolifuata.

Kwa hiyo, mzee wangu, kiite kipimo cha sauti. Ukishakojoa rudi kitandani. Kinachokungoja ni jeli ileile, ya baridi kidogo.